Dirisha la Wasema Wazi

Ukimuuliza Mwalimu Sikudhani Kasongo habari za nchi ya Ulumbi, atakwambia kwanza kwamba barabara zake zimefagiliwa vizuri na kwamba watu wake hawatukanani. Yote mawili ni kweli. Ukizidi kumchokonoa atakusimulia sheria zao, maana zinachekesha, na wageni hupenda kuzisikia wakinywa chai. Lakini siku sita alizokaa kule hazisimulii mpaka abanwe. Hapa zinasimuliwa kama alivyozieleza baada ya kubanwa.

Alikwenda kumwita mdogo wake, basi. Mama yao, Bi Nyamizi, alikuwa amelala nyumbani Tabora, mguu umevimba, pumzi zinakuja kwa taabu, na tangu Ijumaa alikuwa hana neno jingine ila kwamba anataka kumwona Hamduni. Hamduni alikuwa na mwaka wa kumi na mbili Ulumbi. Simu kule hazipigwi, kwa kuwa anayepigiwa hapati muda wa kujiandaa kujibu kwa ufundi. Daktari alimvuta Sikudhani pembeni akamwambia, "Mwalimu, kama kuna mtu wa kuitwa, aitwe wiki hii." Sikudhani akamwachia jirani yao, Mama Shija, kazi ya kumgeuza mgonjwa na kumnywesha uji, akaondoka Jumatatu alfajiri. Njia ya Ulumbi haina la kusimulia. Kufika saa nne alikuwa langoni.

Kabla ya langoni, ni vizuri msomaji ajue Waulumbi ni watu gani. Zamani, wanasema wenyewe, walikuwa watu kama sisi, wanaotaka maji wakasema wanataka maji. Kisha akapita Mwingereza mmoja, akaugua, akaondoka kwa haraka, na nyuma akaacha kasha la vitabu vya kufundishia ufundi wa kuandika Kiingereza. Kimoja kilieleza sitiari ni nini, yaani kukiita kitu kwa jina la kingine. Kingine kilieleza namna ya kurudia neno mpaka likae kichwani, kingine namna ya kulipa jambo baya jina zuri, kingine namna ya kuuliza swali lisilotaka jibu. Kila mbinu ilikuwa na maelezo yake na mfano wake wa mstari mmoja. Hadithi zenyewe na mashairi yenyewe, ambamo mbinu hizo zilizaliwa kwa sababu mtu alikuwa na jambo linalomkaba kooni, hazikuwamo kashani. Waulumbi walipata shoka, patasi na randa bila kuwahi kuona kiti. Wakazipenda zile zana, wakazifanya sheria.

Sikudhani aliyaona matunda ya sheria hizo katika mtaa ulio nje ya lango. Kwa kuwa vitabu vilisifu maneno yanayoanza kwa sauti moja, duka moja liliuza sukari, sabuni, sindano na sufuria, lakini chumvi ilibidi uifuate mtaa wa pili, kwa muuza chai, chaki na chandarua. Kwa kuwa vitabu vilisema mambo yakienda matatumatatu hupendeza, hakuna aliyeruhusiwa kununua mkate mmoja. Aliona bibi kizee anayeishi peke yake akibeba mikate mitatu, miwili ya kumtupia bata. Mwaka mmoja wa ukame Idara ya Majina Mema ilikuwa imeuita mwaka wa sufuria tulivu, na watu waliokufa katika mwaka huo walihesabiwa kuwa wametulia. Hilo la mwisho alilisoma ukutani, kwa maandishi mazuri ya rangi ya bluu, akasimama kidogo. Halafu akatabasamu, maana alikuwa amefundisha fasihi ya Kiingereza kidato cha tatu na cha nne kwa miaka thelathini na moja, na mbinu ile ilikuwa imetumika sawasawa. Anasema angepaswa kugeuza pale pale akapige kelele mtaani.

Langoni pana madirisha mawili ya kupokelea ujumbe wa wageni. La kushoto limeandikwa Wasema Wazi. Ukipeleka ujumbe wako hapo, unapokelewa ulivyo, unagongwa muhuri, na mpiga mbiu anaupeleka mlangoni kwa mwenyewe siku ile ile. Adhabu yake ni moja tu: jina lako linabandikwa langoni kwenye orodha ya washamba. La kulia limeandikwa Wajuzi. Lina zulia, lina viti vyenye mito, na ujumbe unaopitia hapo husomwa ukumbini mbele ya watu, kwa heshima, ukishapasishwa na Kamati ya Mapambo.

Foleni ya kushoto ilikuwa na watu wanne: wachukuzi wawili, mzee mmoja na kuku wake, na mama mmoja muuza mkaa, mikono myeusi mpaka viwikoni. Huyo mama alimwona Sikudhani anasitasita akamkonyeza.

"Njoo huku, dada. Huku tunamalizika sasa hivi."

"Wewe una ujumbe gani?" Sikudhani akauliza.

"Mume wangu anafanya kazi humo ndani. Namwambia arudi, nyumba inavuja."

"Hivyo hivyo?"

"Inavuja hivyo hivyo," yule mama akasema. "Wataniandika mshamba. Kwani mshamba halowi?"

Sikudhani akacheka, akampenda. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo akiyakumbuka huweka kikombe chini: "Asante, dada yangu. Mimi jambo langu ni kubwa kidogo." Akaenda kwenye zulia.

Karani wa dirisha la Wajuzi aliitwa Bwana Nakshi, mtu mwembamba mwenye miwani na adabu nyingi. Alimtazama Sikudhani akauliza kwa sauti ya upole, "Mwanadamu hutoka wapi, na anakwenda wapi?"

"Natoka Tabora," Sikudhani akajibu.

Bwana Nakshi akaweka kalamu chini. Foleni nzima ikashusha pumzi. Kumbe Ulumbi swali la afisa halijibiwi. Linapokelewa kwa kutikisa kichwa, na anayejibu amemtukana muulizaji kwa kudhani kwamba hajui. Walimrudisha nyuma ya foleni. Zamu yake ilipofika tena ilikuwa alasiri, na safari hii akatikisa kichwa vizuri sana. Akatoa karatasi yake. Ilikuwa imeandikwa: Mama mgonjwa sana. Anataka kukuona. Njoo.

Bwana Nakshi aliisoma, akaifunika haraka kwa kiganja kama anayeficha aibu ya mtu.

"Mwalimu," akanong'ona, "hii imekuja uchi."

Dirisha la kushoto lilikuwa bado wazi. Yule mama wa mkaa alikuwa ameshaondoka zamani na karani wa pale alikuwa anapiga miayo, hana mtu. Palikuwa na hatua kumi na mbili kutoka zulia mpaka pale. Sikudhani amezihesabu mara nyingi kichwani. Lakini Bwana Nakshi alikuwa ameinama karibu.

"Tunafahamu wewe ndiye uliyemfundisha Hamduni, Mfasiri Mkuu wetu. Kwa mkono wako. Tangu mdogo. Tulidhani dada yake…"

Hakumaliza. Kutomaliza nako kulikuwamo katika vile vitabu, na hakuna kinachomnasa mtu mwenye majivuno kama sentensi iliyoachwa njiani. Sikudhani akaichukua karatasi yake akaigeuza upande wa pili.

"Niazime kalamu," akasema.

Jumanne asubuhi Kamati ya Mapambo ilikaa, watu saba kuzunguka meza. Sikudhani akawasomea: "Taa iliyotulea inaishiwa mafuta; njoo uishike kabla haijazimika." Alidhani wataridhika. Mwenyekiti alifungua daftari nene akapitisha kidole. Taa ilikuwa imekatazwa, kwa kuchakaa. Jua linalotua limekatazwa. Jani linalodondoka limekatazwa, na mshumaa, na mto unaofika baharini. Walimsomea kurasa tisa za vitu ambavyo mtu haruhusiwi kufanana navyo anapokufa. Huyo aliyesema mchagua nazi hupata koroma hakuwahi kukaa na kamati ile. Wao walichagua mpaka mnazi ukakauka.

Kisha likaja suala la dokezo. Vitabu vilikuwa vimesema kwamba jambo kubwa katika hadithi halizuki tu, lazima lidokezwe mapema. Basi Ulumbi hakuna ruhusa ya kupatwa na lolote bila dalili iliyoshuhudiwa.

"Mama alianza kukohoa lini?" mwenyekiti akauliza, akaongeza upesi, "Hili linataka jibu."

"Mwezi wa nne."

"Mbele ya nani?"

"Mbele yangu. Tulikuwa tunachambua mchele."

"Ukahisi kitu?"

"Nilihisi anakohoa."

Wakatazamana kwa huruma. Mjumbe mmoja akamsimulia, kwa nia njema, kisa cha seremala wao aliyeanguka kutoka paa la shule akafa papo hapo bila dokezo lolote. Maiti yake ilikaa siku tisa haizikwi, mpaka binamu yake akaapa kwamba wiki iliyotangulia alimsikia bundi. Mke wa seremala alikuwa amesimama mlangoni siku zote tisa. Yule mjumbe alipofika hapo akajifuta uso, akaendelea na ajenda. Sikudhani aliona kwamba hawakuwa watu wabaya. Anasema angewaelewa upesi zaidi kama wangekuwa wabaya.

Jioni ile walikubali kikohozi cha mwezi wa nne kuwa dokezo la kutosha, lakini neno "mgonjwa" wakalikataa. Lilikuwa na jina lake jema, refu kama treni, na Sikudhani hakumbuki lilivyokwenda.

Jumatano aliamka amefurahi. Hilo ndilo linalomuuma kuliko yote, na alilisema bila kuzungushazungusha: alifurahi. Tangu astaafu hapakuwa na mtu aliyemngojea afungue mdomo. Nyumbani alikuwa mtu wa kufua mashuka na kupima dawa kwa kijiko, na watoto aliowafundisha walimpita sokoni wakimwamkia huku wakiendelea na safari. Pale palikuwa na watu saba wazima, wenye miwani, wanaoegemea mbele akisema "lakini." Alikaa katika chumba cha wageni alichopewa akaandika ujumbe ule mara kumi na moja. Alipoandika mara ya nne alikuwa bado anamwona mama yake. Alipofika ya tisa alikuwa anaona sentensi tu, na ilikuwa inakuja vizuri.

Alhamisi akasimama mbele ya Kamati, akasoma: "Kitabu cha kwanza tulichokisoma kimefika ukurasa wa mwisho, nacho kimefungua macho kinamtafuta msomaji wake mdogo."

Kisha mwenyekiti akainuka, na wote sita wakainuka, wakapiga makofi. Bwana Nakshi alivua miwani akaifuta. Kitabu kilikuwa hakijawahi kutumika. Kitabu kufungua macho, kikawa kama mtu, ikawa mbinu mbili katika sentensi moja! Ilikuwa mchana, wameshatoka kula. Sikudhani aliinamisha kichwa akayapokea makofi yale, na yalikuwa matamu.

Ujumbe ulisomwa Ijumaa, ukumbini, watu wamejaa. Hamduni aliingia kwa joho la Mfasiri Mkuu. Alikuwa amenenepa, nywele zimerudi nyuma, lakini alipomwona dada yake safu ya mbele uso wake ulikuwa ule ule wa mtoto aliyeletewa ndizi. "Dada!" alisema, mikono imeshanyanyuka. Mlinzi akakohoa. Ni mwiko Mfasiri kumgusa mleta ujumbe kabla ujumbe haujafasiriwa. Akaishusha mikono, akapokea karatasi, akaisoma mara tatu, na macho yakamng'aa.

Alifasiri kwa saa nzima. Kitabu cha kwanza ni elimu ya kale, akasema, ile waliyopokea kwa wazee kabla ya kasha. Ukurasa wa mwisho ni zama zetu. Msomaji mdogo ni kizazi kinachokuja, ambacho hakisomi. Alisema vizuri mno. Sikudhani alisikiliza, na kwa muda, Mungu amsamehe, akafikiri kwamba tafsiri ile ilikuwa bora kuliko alichokusudia. Kisha akakumbuka alichokusudia. Akasimama.

"Hamdu," akasema kwa sauti, "mama anakufa."

Halafu makofi yakaanza nyuma, yakaja mbele yakiongezeka, watu wamesimama. "Ufupi ulioje!" mtu akapiga kelele. Mwingine akataka kujua mama ni nani, na wa kando yake akamjibu mama ni nchi, kwani hata hilo nalo hulijui? Wakashikana mashati, kwa lugha nzuri. Hamduni aliinua mkono wakatulia.

"Mama ni lugha yetu," akasema, na sauti yake ilitetemeka kwa kweli. "Dada yangu amekuja kutuonya."

Sikudhani alitaka kulia, akaona wamekwishaanza kutoa madaftari, akajizuia.

Jioni ndipo aliporuhusiwa kuingia nyumbani kwa mdogo wake. Wakakumbatiana. Hamduni alimwekea kiti, akamletea chai, na mikate mitatu, akakaa mkabala naye akiwa na furaha tele na kalamu sikioni.

"Dada, ile ya pili," akasema. "Ile fupi. Ulijuaje kwamba watakuwa wamechoka na mapambo? Nataka niiandike ili…"

"Hamduni. Mama anakufa."

"Ndiyo, hiyo."

"Mama yetu. Bi Nyamizi."

"Umempa na jina," akasema polepole, kwa heshima. "Ili aonekane mtu mmoja, kumbe…"

"Kumbe nini?"

"Kumbe wote."

Sikudhani alimtazama yule mwanamume. Yeye dada ndiye aliyemkalisha chini ya meza ya jikoni, mtoto wa miaka saba, akamfundisha kwamba maneno yana ghorofa. Alimpandisha ghorofa baada ya ghorofa, na hakukumbuka kumwonyesha ngazi ya kushukia. Hakuwa na la kusema lenye ujanja, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu hakulitafuta.

"Mguu wa kushoto umevimba mpaka gotini," akasema. "Ukiubonyeza panabaki shimo. Analala chumba cha uani kwa sababu kile cha mbele kina kizingiti. Mama Shija anamgeuza asubuhi na jioni. Usiku analazwa na mito minne mgongoni, la sivyo pumzi hazitoshi. Anakunywa uji, vijiko vitano au sita. Jumapili alikunywa vitatu."

Hamduni alikuwa ametoa kalamu. "Uji," akasema. "Uji wa nini?"

"Wa ulezi."

"Na ulezi unawakilisha nini?"

"Hauwakilishi kitu, Hamdu. Ni uji."

Alibaki ameishika kalamu juu ya karatasi. Sikudhani aliona midomo yake inahangaika, anautafuta mlango wa nyuma wa neno lile, na haupo. Ulikuwa uji kwenye bakuli, na mkono wa jirani, na mdomo wa mama yake. Ilichukua muda. Kisha uso wote ukaachia, kalamu ikaanguka, akauliza kwa sauti ambayo dada yake hakuisikia tangu alipoondoka nyumbani:

"Mama anaumwa?"

"Anaumwa sana. Anataka kukuona."

"Mbona hukusema?"

Swali hilo halikuwa la Ulumbi. Lilitaka jibu.

Jumamosi walipoteza siku nzima langoni, mpaka usiku. Vitabu vya kashani vilisema mwisho mzuri hufanana na mwanzo, kwa hiyo mtu haruhusiwi kutoka Ulumbi ila kwa lango aliloingilia na kwa nguo alizoingia nazo. Ilibidi shati la Hamduni la miaka kumi na miwili iliyopita litafutwe ghalani. Halikumwingia, wakalichana mgongoni. Maafisa wawili walijadiliana kama shati lililochanwa mgongoni ni lile lile, naye Hamduni, Mfasiri Mkuu, aliyezoea kuwasuluhisha wenzake katika mambo kama hayo, alisimama katikati yao kifua wazi akisema, "Naomba niende. Naomba tu niende." Walimsifu kwa takriri, ile mbinu ya kurudia neno. Hatimaye wakampitisha na shati begani, akalivaa njiani.

Walifika Tabora Jumapili asubuhi. Uani kulikuwa na turubai la watu kukalia na majamvi yaliyokunjwa, na sufuria kubwa za kuazima zimeinamishwa ukutani zikauke. Mama Shija alikuwa anaanua mashuka kwenye kamba. Aliwaona, akaacha shuka alilolishika likining'inia.

"Mmechelewa, wanangu," akasema. "Mama alifariki Alhamisi. Mchana, baada ya adhuhuri. Tumemzika juzi, baada ya swala ya Ijumaa. Tulishindwa kuwangoja."

Hamduni alikaa chini, pale pale kwenye mchanga, amevaa shati lake lililochanwa. Sikudhani alibaki amesimama. Alihesabu. Hakutaka kuhesabu, lakini hesabu ilikwenda yenyewe: Alhamisi, baada ya kula, watu saba wamesimama.

"Pole, mwalimu," Mama Shija akasema. "Mlikwama wapi? Huko si mbali. Ulituambia utarudi Jumatano."

Majibu yalikuja, na yalikuwa mazuri. Yalikuja matatu kwa mpigo, kila moja limeshavaa nguo zake. Lipo ambalo lingemliza jirani na kumtoa lawamani kabisa. Sikudhani akayaacha yapite.

"Sikukwama," akasema. "Kulikuwa na njia ya kumpa habari siku ile ile. Niliona haya kuonekana mshamba. Nikakaa siku nne natafuta maneno ya kupigiwa makofi."

Mama Shija alimtazama, si kwa hasira, kisha akarudi kwenye kamba na kuanza kutoa vibanio kimoja kimoja, anaviweka katika mfuko wa kanga.

"Aliongea mwishoni?" Hamduni akauliza kutoka chini.

"Aliongea. Akili alikuwa nazo mpaka dakika ya mwisho. Alisema, mwambieni Hamdu nilimngoja."

Hamduni alinyanyua uso. Paji lake lilikuwa limekunjana, macho yamekaza, kama ukumbini.

"Alimaanisha nini?"

Mama Shija aligeuka, shuka mikononi. Alidhani hakusikia vizuri, kwa hiyo alisema polepole, kwa upole, kama mtu anavyosema na mgonjwa.

"Alimaanisha alikungoja, baba."

Halafu akampa ncha moja ya shuka amsaidie kulikunja. Hamduni akainuka, akaishika ile ncha kwa mikono miwili, akalia.